Wenye Kumbi na Wafungue Milango

Hivi majuzi tuliitisha warsha ya siku moja kuhusu katiba katika ukumbi wa kanisa moja mashariki mwa jiji la Nairobi. Tulipanga viti 80. Tulichapisha vijitabu, tukamwalika wakili mwenye tajriba, tukapika chai. Waliofika walikuwa watu 19. Wenye umri chini ya miaka 30 miongoni mwao walikuwa wanne tu, na wawili kati ya hao wanne walikuwa watoto wa mchungaji ambao, kusema kweli, hawakuja kwa hiari yao. Ng'ambo ya barabara palikuwa na kibanda cha mabati cha kuonyeshea video. Vijana walikuwa wamejaa humo hadi mlangoni, kila mmoja amelipa shilingi zake chache, wakitazama filamu ya kigeni iliyotiwa maneno ya Kiswahili na Sheng na msimulizi wa aina ya DJ Afro, ambaye humfanya shujaa wa ng'ambo azungumze kama kondakta wa matatu ya Kayole. Walicheka, walipiga kelele, walibishana kuhusu nani mwema na nani msaliti. Sisi kwetu, wakili alikuwa amefika kifungu cha tatu na mzee mmoja alikuwa amesinzia.

Tangu siku ile tumepokea shutuma nyingi, hata kutoka kwa wanachama wetu wenyewe, kwamba vijana wa leo hawajali. Tunakataa katakata kauli hiyo. Vijana waliojitokeza barabarani mwezi wa Juni 2024 kuupinga Mswada wa Fedha hawakuwa watu wasiojali. Walikuwa wameusoma mswada huo, wakaufafanua katika video fupi kwa lugha za nyumbani kwao, wakautia katika nyimbo na vichekesho, wakautumia kwa simu hadi vijijini. Walifanya kwa majuma machache kazi ya elimu ya uraia ambayo sisi tumekuwa tukiiombea fedha za wafadhili kwa miaka 30. Nao waliifanya bila sisi. Kwa hiyo swali linalotukabili si kwa nini vijana hawaji kwetu. Tunapaswa kujiuliza kwa nini sisi, tuliozaliwa na kulelewa katika harakati zilizoimbwa, tulikuja kuamini kwamba mageuzi huletwa kwa karatasi.

Maana dola haijawahi kusahau nguvu ya wimbo. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni iliupiga marufuku wimbo wa Muthirigu, uliowakebehi wamishenari na machifu. (Tukubali papo hapo kwamba wimbo huo ulitetea pia ukeketaji wa wasichana, jambo ambalo sisi hatuwezi kulitetea, wimbo huweza kubeba jema na ovu kwa mdundo ule ule.) Miaka 20 baadaye, wapiganaji wa Mau Mau na wafuasi wao walizichukua tuni za nyimbo za dini walizofunzwa misheni, wakazitia maneno ya ardhi na uhuru. Aliyepita njiani alidhani ni ibada. Wengi wetu tuliobatizwa katika makanisa yale yale hatukuambiwa habari hizo na walimu wetu wa shule ya Jumapili.

Kisha kuna Kamirithu, ambako hatuna budi kutua kidogo. Mwaka 1977, katika kijiji hicho cha Limuru, wakulima, vibarua wa mashamba ya chai na wafanyakazi wa kiwanda cha viatu walijenga kwa mikono yao jukwaa la wazi lenye viti vipatavyo 2,000. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii waliandika mswada wa mchezo wa Ngaahika Ndeenda kwa Kikuyu, lakini wanakijiji waliukosoa mswada huo mstari kwa mstari. Wazee waliwasahihisha wasomi jinsi wimbo fulani ulivyoimbwa miaka ya Hali ya Hatari. Vijana waliokuwa wakipoteza siku zao vilabuni walipata kazi ya kufanya jioni. Mchezo ulisimulia jinsi familia maskini inavyonyang'anywa kipande chake cha ardhi na matajiri, na haukuwahurumia matajiri wanaobeba Biblia. Ulianza kuonyeshwa tarehe 2 Oktoba 1977. Kufikia katikati ya Novemba leseni ilikuwa imefutwa, na tarehe 31 Desemba mwaka huo Ngũgĩ wa Thiong'o akachukuliwa nyumbani kwake na kutiwa kizuizini bila kushtakiwa, hadi Desemba 1978. Alikuwa tayari amechapisha riwaya kwa Kiingereza zilizoisema serikali kwa ukali usiopungua ule wa mchezo, na riwaya hizo hazikumpeleka kizuizini. Machi 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa. Mwezi Juni mwaka huo huo Bunge likapitisha kifungu cha 2A kuifanya Kenya nchi ya chama kimoja kisheria. Hatudai kwamba jambo moja lilisababisha lingine. Twasema tu kwamba mkono uliofanya hayo ulikuwa mmoja.

Ngũgĩ wa Mirii alifariki ugenini, Zimbabwe, mwaka 2008, na Ngũgĩ wa Thiong'o alifariki Marekani tarehe 28 Mei 2025.

Utawala huo uliovunja jukwaa la Limuru haukuwa adui wa muziki. La hasha! Ulijua thamani yake kuliko sisi. Katika miaka ya 80 kila sikukuu ya taifa ilikuwa na kwaya za walimu, za polisi, za benki na za mashirika ya umma, zikishindana kumsifu kiongozi mmoja. Mwaka 1988 ikaundwa Tume ya Rais ya Muziki. Mwaka huo huo wananchi walipigishwa kura ya mlolongo, na jarida la Beyond la Baraza la Makanisa, lililofichua hila za uchaguzi huo, likapigwa marufuku. Kwa hiyo jarida lililosema ukweli liliondolewa, na wimbo wa kusifu ukabaki redioni asubuhi, adhuhuri na jioni. Watoto wa shule waliuimba kabla hawajajua kuandika majina yao.

Kilichoziba pengo hilo kilikuwa kanda. Wasomaji wetu wenye mvi watakumbuka mwaka 1990: mahubiri ya Mwaka Mpya ya Kasisi Timothy Njoya, kubomolewa kwa vibanda vya Muoroto mwezi Mei, kukamatwa kwa Kenneth Matiba na Charles Rubia siku chache kabla ya mkutano wa Kamukunji, na Saba Saba yenyewe. Magazeti yalipima kila neno. Redio ilikuwa ya serikali. Lakini katika vibanda vya River Road na ndani ya matatu palikuwa na kanda zilizosimulia hayo yote kwa mafumbo na kwa sala, na polisi wakaanza kuwakamata wachuuzi wake. Kanda haikuhitaji leseni ya mkutano. Ilinakiliwa usiku, ikauzwa asubuhi, na abiria 20 wasiojuana waliisikiliza pamoja kutoka Githurai hadi mjini bila mtu yeyote kuweza kushtakiwa kwa kosa la kukusanyika. Huo ndio uliokuwa werevu wake.

Hata hivyo tusijidanganye kwa mapenzi ya mambo ya kale. Kanda nyingi za siku zile zilikuwa kwa lugha moja, zikililia watu wa lugha hiyo, na jirani wa kabila jingine aliyepanda matatu hiyo hiyo alishuka akijiona mgeni. Miaka 17 baadaye, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, tuliona mwisho wa njia hiyo. Tume ya Jaji Waki ilieleza jinsi baadhi ya matangazo ya redio za lugha za kienyeji yalivyochochea uhasama, na ikahesabu waliokufa kuwa 1,133. Tunapozungumza juu ya kuwafikia vijana kwa muziki, hesabu hiyo lazima iwe mezani. Lugha ya mama si kosa, wala hatutaki kila wimbo uwe wa Kiswahili. Tunachotaka kujua kabla ya kuupiga wimbo mikutanoni petu ni nani anayetukanwa ndani yake, na kama mtu huyo angeweza kuketi nasi akausikiliza hadi mwisho.

Kuna kosa jingine ambalo ni letu zaidi, nalo ni la mwaka 2002. Wawili wa Gidi Gidi Maji Maji walitoa wimbo uitwao Unbwogable, neno walilolifinyanga kwa Kiingereza na Kijaluo kumaanisha asiyetishika. Ulianza kama wimbo wa vijana wanaojipa moyo katika maisha magumu ya mjini. Baada ya muda mfupi ukawa wimbo wa muungano wa NARC, na wanasiasa waliokuwa mawaziri wa utawala uliokuwa ukiondoka wakawa wanaucheza jukwaani kana kwamba wao ndio walioutunga. Makanisani pia, pambio la imani tulilolijua sote lilibadilishwa neno moja tu, likawa la kumuaga rais, na umati uliliimba kwa machozi ya furaha. Tuliimba sote. Hatuna aibu kwa kuimba. Aibu yetu ni kwamba tuliuacha wimbo mikononi mwa wagombea, tukarudi nyumbani. Waliahidi katiba mpya kwa siku 100. Siku 100 zikapita, miaka ikapita, na mwaka 2005 wakatuletea rasimu ambayo wananchi waliikataa kwa kura ya maoni. Katiba tuliyoitaka ilikuja Agosti 2010, baada ya damu. Vijana waliokuwa wakiimba mwaka 2002 hawakuwa na chama, wala kikundi cha parokia, wala hata orodha ya majina ya kuwakutanisha tena Januari 2003. Muziki uliwakusanya, nasi hatukuwa tumeandaa mahali pa wao kwenda baada ya ala kuzimwa.

Sasa tuje kwenye filamu, ambayo harakati zetu zimeitumia kidogo mno. Wimbo humkuta mtu akitembea. Filamu humketisha kwa saa moja na nusu na kumlazimisha kumtazama mtu mwingine usoni. Tumeonyesha katika parokia kadhaa filamu ya Something Necessary ya mwaka 2013, iliyoongozwa na Judy Kibinge. Ni kisa cha mama muuguzi aliyempoteza mumewe katika ghasia za baada ya uchaguzi, na kijana aliyekuwa katika genge lililofanya unyama huo, ambaye sasa dhamiri haimpi usingizi. Katika mihadhara yetu kuhusu ghasia zile, vijana hutusikiliza kwa adabu na kunyamaza, kwa sababu kila mmoja anajua babake alikuwa upande gani. Baada ya filamu hii hawanyamazi. Wanaweza kumsema kijana wa kwenye filamu bila kumtaja kaka yao. Tumewaona wakibishana hadi mlinzi wa kanisa akaja na funguo: je, kijana yule astahili msamaha, na ni nani mwenye haki ya kuutoa?

Wenye kusoma Biblia hawapaswi kushangaa. Nabii Nathani alipotumwa kwa mfalme Daudi aliyekuwa ameua ili kuficha zinaa, hakumsomea sheria. Alimsimulia kisa cha tajiri mwenye mifugo mingi aliyemnyang'anya maskini mwanakondoo wake mmoja, na mfalme akakasirika na kutoa hukumu kabla hajatambua kwamba amejihukumu mwenyewe. Sisi tumekuwa tukiwasomea watu sheria.

Zipo nyingine. Softie ya Sam Soko, iliyotoka mwaka 2020, inamfuata mpigapicha Boniface Mwangi alipogombea ubunge wa Starehe mwaka 2017. Tunaipenda kwa sababu haimtukuzi. Inaonyesha mzigo anaoubeba mkewe na hofu inayoingia nyumbani kwao. Akina mama wa kanisa wameielewa filamu hiyo kuliko sisi wanaharakati, na maswali yao yalitufanya tuinamishe vichwa. Kuhusu mauaji ya Wagalla ya Februari 1984, ambapo kwa miaka mingi serikali ilitaja vifo 57 ilhali manusura wanataja mamia, ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya mwaka 2013 ina majuzuu ambayo mwananchi wa kawaida hatayafungua kamwe. Filamu ya Scarred ya mwaka 2015 inawaweka manusura wenyewe mbele yetu. Kijana wa Nyeri au wa Kisii asiyewahi kufika Wajir huona pale kwamba Kenya haikuanza kuua watoto wake katika barabara za Nairobi. Nairobi Half Life ya mwaka 2012 ina lugha chafu, tunaonya, na wazee wengine wametoka nje. Lakini hakuna kijana tuliyemwonyesha ambaye hakuwa na la kusema kuhusu polisi.

Tulikuwa tukiandaa maonyesho ya namna hiyo katika kanisa moja ambalo hatutalitaja. Mambo yalikuwa yakienda vizuri, ukumbi umejaa, mara umeme ukakatika. Tulidhani ni hitilafu ya kawaida. Baadaye tuliambiwa kwamba mmoja wa wazee wa baraza alipigiwa simu na mheshimiwa wa eneo hilo, aliyekuwa ameahidi mabati ya paa, akaenda mwenyewe kuzima swichi. Tulitaka kuwaaga watu. Vijana wakakataa kuondoka. Mmoja wao alikuwa amewahi kuitazama filamu ile, akawasimulia sehemu iliyobaki gizani, huku mwenzake akimsahihisha, na majadiliano yakafanyika kwa mwanga wa simu za mkononi. Yalikuwa majadiliano bora kuliko yote tuliyopata mwaka ule. Hatumlaumu mzee yule kupita kiasi, kwani paa linavuja kweli. Lakini tunauliza: kanisa likiuzwa kwa mabati, vijana waende wapi?

Makanisa yenyewe yamekwisha kuliona tatizo hili. Septemba 2021 Kanisa la Kianglikana chini ya Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit liliwazuia wanasiasa kuhutubia katika ibada. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikataa mchango wa fedha wa rais. Tuliyapongeza hayo na tunayapongeza tena. Lakini kumwondoa mwanasiasa mimbarini ni nusu ya kazi. Mimbari ikibaki tupu na ukumbi ukibaki umefungwa kwa kufuli kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, hakuna aliyefaidika ila panya. Kanisa limewahi kufanya zaidi ya hapo. Machi 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa walipotimuliwa Uhuru Park kwa marungu na gesi, walipokelewa katika Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, wakaendeleza mgomo wao chini ya kanisa hilo karibu mwaka mzima. Julai 7, 1997 polisi waliwafuata waumini na wapenda mageuzi ndani ya kanisa hilo hilo na kuwapiga. Waliofungua mlango ule walijua hatari yake.

Najua, watasema wengine, lakini muziki wa vijana ni wa kidunia. Hatutaki kulipuuza jambo hilo, kwa sababu wanaolisema ni watu tunaowaheshimu. Wimbo uliotawala barabarani Juni 2024, Anguka Nayo wa kundi la Wadagliz, haukutungwa kuipinga serikali. Ni wimbo wa dansi. Vijana waliuchukua kwa sababu ulikuwa wao, na kwa sababu mtu anayecheza haogopi kama anayesimama wima akisubiri kupigwa. Sisi tungewaandikia wimbo wenye beti 12 kuhusu ibara za katiba na hakuna ambaye angeuimba. Wazee wetu na wasome tena Amosi, ambaye kwake Mungu alichoshwa na kelele za nyimbo za ibada zilizoimbwa na watu wasiotenda haki. Nabii hakuuliza mdundo ulikuwa wa aina gani.

Kwaya zetu za vijana zina wajibu hapa. Kenya ina kwaya katika karibu kila kanisa, na kila moja ina mtu mmoja au wawili wenye kipaji cha kutunga. Mbona wanatunga kuhusu mbinguni tu, wakati mwenzao wa sauti ya tatu alizikwa kwa risasi? Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilitangaza kwamba kati ya Juni 18 na Julai 1, 2024 watu 39 waliuawa katika maandamano. Wengi walikuwa vijana, na wengi walikuwa na kanisa au msikiti wao. Tarehe 7 Julai mwaka huo wenzao walifanya tamasha la kuwakumbuka Uhuru Park, na wanamuziki walipanda jukwaani kwa ajili yao. Lilikuwa ni tanzia na ibada kwa namna yake. Viongozi wa dini waliofika waliheshimiwa. Wangefika wengi zaidi, wangeheshimiwa zaidi.

Kuna hatari, nasi hatutawaficha. Aprili 2025 shule ya wasichana ya Butere ilifika katika mashindano ya kitaifa ya drama huko Nakuru na mchezo wa Echoes of War, ulioandikwa na aliyekuwa seneta Cleophas Malala. Mchezo ulikuwa umezuiwa, Mahakama Kuu ikaagiza uruhusiwe, na bado wasichana walijikuta wakizungukwa na polisi. Waliimba wimbo wa taifa, wakaondoka bila kuigiza, na wananchi waliokuja kutazama wakatupiwa gesi ya kutoza machozi. Wanafunzi wa shule! Majuma machache baadaye onyesho la hadharani la Blood Parliament, filamu ya BBC kuhusu waliopigwa risasi nje ya Bunge tarehe 25 Juni 2024, lilifutwa Nairobi, na mapema Mei watengenezaji filamu wanne wakakamatwa kwa kuhusishwa nayo. Ilikuwa miaka 48 tangu Kamirithu. Sare za askari zimebadilika.

Basi atakayeonyesha filamu au kuandaa tamasha na ajue sheria. Ibara ya 33 ya Katiba ya 2010 inalinda uhuru wa kujieleza na inataja wazi uhuru wa ubunifu wa kisanaa. Hailindi uchochezi wa vita, wa fujo wala matamshi ya chuki. Ibara ya 37 inalinda haki ya kukusanyika kwa amani bila silaha. Kwa upande mwingine ipo Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura 222, ambayo asili yake ni miaka ya 60, na imetumiwa mara nyingi kudai vibali kabla ya kurekodi na kabla ya kuonyesha. Waulizeni mawakili wa parokia zenu mapema. Chagueni filamu iliyokwisha kupangiwa daraja. Msiwaonyeshe watoto filamu ya watu wazima, kwa sababu si sawa, na kwa sababu ndicho kisingizio cha kwanza atakachokitumia afisa. Na msipige picha nyuso za vijana wanapozungumza baada ya filamu. Tumeomba hili mara nyingi. Picha ya ukumbi uliojaa hupendeza katika ripoti ya mfadhili, lakini ikifika kituoni ni orodha ya majina.

Jambo la mwisho ni fedha. Wanaharakati wa Kenya wana tabia mbaya ya kumwalika msanii, kumsifu mbele ya kadamnasi, kisha kumpa soda. Mwanasiasa humlipa. Halafu tunashangaa wimbo umehamia lori la kampeni. Uchaguzi mkuu umepangwa kufanyika Agosti 2027, na malori hayo hayatakawia. Sisi tumeamua kwamba katika kila shughuli yetu msanii atalipwa kabla ya wakili, hata kama ni kidogo, na wimbo utabaki mali yake.

Tumeamua pia kupunguza warsha. Mahali pake tutafanya jioni za filamu na muziki, na kila jioni itakuwa na watu wawili wa parokia hiyo watakaoandika majina ya wanaotaka kukutana tena juma linalofuata, kwa hiari yao, katika daftari litakalobaki kanisani na si kwetu. Tuna projekta moja, shuka mbili nyeupe zilizoshonwa pamoja, na jenereta inayokunywa petroli bila huruma. Spika tutaazima. Parokia itakayotaka kutukaribisha na itujulishe mapema mambo matatu: kama ukumbi una umeme wa uhakika na swichi yake iko wapi, kama kuna kijana wa kwaya anayeweza kuongoza mazungumzo kwa lugha ya pale, na kama madirisha yana mapazia, maana mwanga wa saa kumi na moja jioni umetuharibia maonyesho mawili tayari.